"HAIKO SAWA": UNATAKA KUSEMA NINI?

Tuanze mezani, jioni, katika nyumba moja ya kartie zetu za migodi. Nyumba hii tumeitunga sisi wenyewe, lakini wengi kati yenu mtaitambua. Papa alitumika miaka mingi mgodini, kisha akatoka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ulioitwa "départ volontaire". Mama anauzisha bunga na makala sokoni. Kijana wao wa kwanza ana kontra ya miezi mitatu na kampuni ndogo inayotumikia kampuni kubwa. Dada yake ni mwanafunzi wa sekondari.

Kijana anasukuma sahani, anasema:

— Papa, ile haiko sawa! Tuko tunatumika kazi moja, mashini moja, vumbi moja. Mwenzangu iko engaje ya kampuni kubwa, anapata mara mbili ya ile miye napata. Ile iko ubaguzi!

Papa anajibu polepole:

— Mwana wangu, vidole vya mukono havitoshane. Tofauti iko fasi yote. Hata siye zamani, kulikuwa bakadre, kulikuwa bametrizi, kulikuwa siye ba chini. Na tuliishi.

Mama anaingia kati:

— Hapana. Maneno yote iko kwa bakapita. Banaita bandugu yabo tu ku kazi. Njo upendeleo ile.

Sasa dada, ambaye hakusema kitu tangu mwanzo:

— Na miye? Mwaka ile franga ilipunguka, nani alibakia ku nyumba? Yaya aliendelea na masomo, miye nilibakia. Ile munaita namna gani?

Meza yote inanyamaza.

Angalieni: watu wane, na kila mtu ana neno lake. Wanafikiri wanabishana juu ya mambo, kumbe mara mingi wanabishana juu ya majina ya mambo. Mnaweza kusema: "Maneno ni maneno tu, shida ni shida." Sivyo. Mganga akikosea jina la ugonjwa, atatoa dawa mbaya. Na mtu akikosea jina la shida yake, atapiga hodi kwenye mlango usio wake, ama atampiga ndugu asiye na kosa. Basi tuyachukue maneno haya moja moja.

"SAWA" INA NYUSO MBILI

Mama akipima bunga kwa kopo sokoni, anasema: hii na ile ni sawa. Maana yake kipimo ni kimoja. Lakini tukimwuliza rafiki: "Uko sawa?", hatupimi kitu. Tunauliza kama mambo yake yamekaa vizuri, vile inafaa.

Kwa hiyo mtu akisema "haiko sawa", anaweza kuwa anasema maneno mawili. La kwanza: vipimo havilingani. La pili: jambo hili si la haki. Kijana wetu alisema la pili. Papa yake alisikia la kwanza, na kwa sababu ile alijibu juu ya vidole. Ni kweli vidole havilingani. Lakini hakuna kidole kinachokula chakula cha kidole kingine.

Mambo haya mawili hayaendi pamoja siku zote. Ukitoa sahani moja moja ya kipimo kimoja kwa mama anayenyonyesha, kwa mtoto wa miaka mitatu na kwa kijana anayetoka kubeba mizigo, umefanya usawa, lakini hukufanya haki. Na ukimpa mama yule zaidi, vipimo havilingani tena, lakini nani atalalamika? Ndiyo maana kusema "haiko sawa" ni mwanzo tu. Anayesikia ana haki ya kuuliza: "Haiko sawa namna gani?"

TOFAUTI: NENO LISILOTAFUTA MKOSAJI

"Tofauti" ni neno la amani. Mtoto wa kwanza na wa pili ni tofauti. Kazi ya kushona na kazi ya kuyeyusha shaba ni tofauti. Mtu mwenye miaka ishirini ya kazi na mtu aliyeanza jana wanaweza kuwa na mishahara tofauti, na wote wawili wakalala vizuri. Neno hili halimshitaki mtu.

Lakini kwa sababu halimshitaki mtu, wenye nguvu wanalipenda sana. Linaweza kuwa blanketi ya kufunika mambo. Wazee wetu wa Lubumbashi walijua jambo hili. Mji ulianzishwa mwaka 1910, wakati ule ukiitwa Elisabethville. Wabelgiji walitenga mji wa Wazungu na kartie za Waafrika, wakaacha katikati eneo tupu la mita mamia, ambalo liliitwa zone neutre. Usiku Mwafrika hakuweza kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Wakubwa walieleza kwamba ni juu ya afya, juu ya mbu na malaria, na juu ya desturi kuwa tofauti. Lakini mchana wapishi, maboyi na walinzi walivuka eneo lile kila siku kwenda kutumika kwa Wazungu, na hakuna aliyeogopa malaria yao. Basi haikuwa tofauti tu. Kulikuwa na neno lingine chini ya blanketi.

KUTOLINGANA NA PENGO: MANENO YA MIZANI

"Kutolingana" ni neno la mtu mwenye mizani na kalamu. Halisemi bado nani ana kosa. Linasema: hapa kuna kiasi hiki, pale kuna kiasi kile.

Tuchukue mfano unaotuhusu. Sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2002 ilibadilishwa mwaka 2018. Inaagiza namna ya kugawa redevance, maana yake feza ambazo kampuni inalipa juu ya madini inayouzisha. Katika kila franga 100, franga 50 zinakwenda kwa Leta kule Kinshasa, franga 25 kwa provinsi, franga 15 kwa komini, sekta ama sheferi ambamo mgodi unapatikana, na franga 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo.

Sasa sekta yenye mgodi inapata franga zake 15, na sekta jirani isiyo na mgodi haipati. Hiyo ni kutolingana. Mtu anaweza kuuliza kama ni vizuri, lakini hakuna aliyeiba. Lakini kama franga 15 zimefika katika sekta, na masomo hayana batise, na sentre ya afya haina dawa, na hakuna anayeweza kuonyesha karatasi ya matumizi, hapo "kutolingana" ni neno dogo mno. Ni kama kumwita simba paka.

Redio zinapenda kusema "pengo kati ya matajiri na maskini". Pengo ni ile nafasi inayobaki pale jino limetoka. Ni neno la kweli, lakini halisemi kama jino lilianguka lenyewe ama mtu alilipiga ngumi. Ukisikia "pengo", uliza habari za jino.

UPENDELEO: UNA USO NA JINA

Hapa tunafika kwa neno la Mama. "Upendeleo" linatoka katika "kupenda". Kapita anapenda ndugu yake, anamwita ku kazi, anamwacha mwenye diplome mlangoni. Katika upendeleo siku zote kuna mtu aliyechagua. Ana uso, ana jina, na mara mingi watu wa kartie wanajua nyumba yake. Hakuna sheria iliyomwagiza. Moyo wake tu.

Dawa yake nayo inajulikana: kazi itangazwe wazi, mtihani uwe mmoja kwa wote, wachaguzi wawe wengi, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe ukutani. Pale moyo wa mtu mmoja hauwezi kuamua peke yake, upendeleo unakosa hewa.

Lakini tuseme kweli hapa, sisi kwa sisi. Jirani akiingiza mtoto wake ku kazi, tunaita upendeleo. Mjomba wetu akituingiza sisi, tunaita namna gani? Tunaita msaada. Tunaita undugu. Wengine wanafika hata kutoa shukrani kanisani. Jambo ni moja, tumebadilisha jina juu ya tumbo letu limeshiba. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, aliwaona Wakristo wanaomkalisha tajiri mwenye pete ya zahabu mahali pazuri na kumwacha maskini asimame. Yeye alikataa kuita jambo lile heshima.

UBAGUZI: HAULIZI WEWE NI NANI

"Kubagua" ni kutenga, kuweka hawa huku na hawa kule. Upendeleo unamwangalia mtu mmoja na kumpenda. Ubaguzi unaangalia kikundi na kukitupa, bila kuuliza mtu mmoja mmoja anajua nini ama ametenda nini. Na mara mingi ubaguzi una kanuni, imeandikwa ama haikuandikwa.

Chini ya Wabelgiji kanuni iliandikwa. Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na sindika zao mpaka mwaka 1946. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda na mshahara ulibaki chini. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi juu ya watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Watu makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, kiongozi wao. Kisha, mwaka 1948, wakubwa walileta karte ya mérite civique kwa Waafrika wachache walioitwa évolués. Ukuta ulibaki, ni dirisha dogo tu lilifunguliwa.

Ubaguzi wa sheria haukuisha na ukoloni. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kwa mambo mengi ya sheria. Mama mwenye akili na mama asiye na akili, wote walitengwa pamoja, juu ya kuwa wake tu. Ruhusa ile iliondolewa na sheria ya mwezi wa Julai 2016. Oneni: kwa sababu ubaguzi ulikuwa na kanuni, dawa ilikuwa kubadilisha kanuni.

NENO LIKIKOSEWA, WATU WANAKUFA

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, juu ya kidonda hiki ni chetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi wa Katanga walilalamika kwamba katika makampuni, vyeo vingi na kazi nyingi nzuri zilishikwa na wenye asili ya Kasai. Lile lilikuwa ulizo la kutolingana. Lingeweza kujibiwa kwa hesabu: nani ana cheo gani, aliingia kwa njia gani, masomo yalifunguliwa wapi kwanza, nani alileta wafanyakazi kutoka mbali na juu ya nini. Pengine hesabu ingeonyesha upendeleo wa wakubwa fulani, na wale wangejibu kwa majina yao.

Hesabu haikufanywa. Lawama ziliwekwa juu ya kikundi chote, mzee na mtoto, mwenye cheo na muuza karanga. Waliitwa "bilulu", wadudu. Katika miaka ya 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine. Walilala siku na siku kwenye magare ya treni, na wengi walikufa pale ama njiani, kwanza watoto. Wengi wao walizaliwa hapa. Kasai hawakuijua.

Watu waliosema wanapigana na ubaguzi ndio waliofanya ubaguzi. Walichukua ulizo la mizani wakalijibu kwa kutenga watu. Tangu siku zile, kijana akisema mbele yetu "kabila ile inakula kazi zetu", tusicheke na tusinyamaze. Tumwulize: "Unasema juu ya mtu gani? Alifanya nini?" Kama hana jibu, neno lake ni kiberiti.

UONEVU, DHULUMA, UNYONYAJI

Maneno haya matatu ni ndugu, lakini si mapacha.

Uonevu ni wa mwenye nguvu juu ya asiye na nguvu. Kapita anakutukana mbele ya wenzako, anakutuma kazi ya hatari bila kofia, juu anajua huwezi kujibu. Pengine hachukui hata franga moja. Anachukua heshima yako.

Dhuluma ni kumnyima mtu kitu ambacho tayari ni chake. Mshahara wa mwezi uliotumika na haukulipwa si kutolingana. Ni deni. Mwenye kudhulumiwa haombi huruma, anadai.

Unyonyaji unatoka katika "kunyonya". Mtoto akinyonya, maziwa yanatoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine. Ndivyo ilivyo hapa: faida ya huyu inatoka moja kwa moja katika jasho la yule. Watu wawili wanaweza kuwa mmoja tajiri na mmoja maskini bila kujuana. Hiyo ni kutolingana. Lakini katika unyonyaji kuna mrija kati yao.

Fikirini bakrezere, vijana wanaochimba kobalti kwa mikono. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu yake inatoka katika mashimo yao. Wanabeba mifuko mpaka ku depo. Pale mnunuzi anapima uzito kwa mizani yake, na nguvu ya jiwe kwa mashini yake. Wachimbaji wengi wanalalamika kwamba mizani na mashini zile zinadanganya. Kama bei ni ndogo tu juu soko la dunia limeanguka, huo ni msiba wa wote. Lakini kama kilo ishirini za mtu zimehesabiwa kumi na tano, usiite "bei mbaya". Kilo tano zimekwenda kwa mtu, na mtu yule anajulikana. Dawa yake ni mizani ya pili, iliyo mikononi mwa wachimbaji wenyewe ama ya Leta.

MAULIZO MATATU KABLA YA KUTOA JINA

Basi mtu akisema "haiko sawa", tujiulize hivi:

Kwanza: inaweza kupimwa? Tafuta namba kabla ya kutafuta adui.

Pili: nani aliamua, mtu ama kanuni? Kama ni mtu, angalia upendeleo ama uonevu. Kama ni kanuni inayotenga kikundi, ni ubaguzi.

Tatu: kilichopunguka kwangu kimekwenda wapi? Kama kilikuwa changu tayari, ni dhuluma. Kama jasho langu linanenepesha mwingine, ni unyonyaji.

TURUDI MEZANI

Tumpe kijana maulizo haya. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika artikle ya 86, inaagiza kwamba kazi ikiwa ya namna moja, ujuzi ukiwa mmoja na matokeo yakiwa mamoja, mshahara uwe mmoja, bila kuangalia asili, mume ama mke, wala umri. Kama kampuni yake ndogo inamlipa yeye chini ya mwenzake wa kampuni ile ile juu ya asili yake, huo ni ubaguzi, na sheria iko upande wake. Lakini mwenzake anayemtaja ni wa kampuni nyingine. Mabwana ni wawili. Akienda kwa inspekta wa kazi na neno "ubaguzi" peke yake, anaweza kurudishwa mlangoni. Aulize jambo lingine: kampuni kubwa inalipa kampuni ndogo feza ngapi juu ya kazi ya mtu mmoja, na ngapi zinafika mkononi mwake? Hapo mrija utaonekana. Na ulizo lile haliwezi kuulizwa na kijana mmoja mwenye kontra ya miezi mitatu. Linaulizwa na wote pamoja, kwa mdomo wa delege wao.

Mama naye ana haki juu ya bakapita, lakini ataje mlango na siku, asiseme "wote". Papa alitumia neno la amani mahali pasipo amani. Tusimlaumu sana. Mtu aliyeishi miaka mingi chini ya vyeo vya kampuni anajifunza kuita kila kitu "tofauti" ili apate kulala.

Inabaki dada. Tumpime yeye vilevile. Nani aliamua abaki nyumbani? Si Leta, si kampuni, si kapita. Ni watu walioketi mezani pale. Walimwuliza kama anashinda masomoni? Hapana. Waliangalia kwamba ni binti. Masomo ya msingi ya Leta yalifanywa ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa, na franga zikipunguka, katika nyumba nyingi kanuni isiyoandikwa inajulikana. Jina lake tumeshalisoma hapo juu.

Tusimalize habari hii kwa uongo kwamba Papa alilia na mambo yote yakawa mazuri. Tunaweza kusema hivi tu: kati ya malalamiko yote ya jioni ile, la binti ndilo peke yake ambalo watu wa nyumba wangeweza kulitengeneza kesho yake asubuhi, bila delege, bila inspekta, bila Kinshasa. Na ndilo ambalo hakuna aliyelijibu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kartie yenu, watu wanasema "haiko sawa" juu ya mambo gani? Chagueni matatu na mtafute jina halisi la kila moja.

2. Je, uliwahi kuita "msaada" jambo ambalo ungeliita "upendeleo" kama lingefanywa na mwingine?

3. Wazee wa kikundi wanakumbuka nini juu ya miaka ya 1992 na 1993? Vijana wawaulize kwa heshima, na wasikilize mpaka mwisho.

4. Nyumbani kwenu, feza za masomo zikipunguka, nani anabaki? Nani aliamua?